Kitambulisho Ulichoniombea

Mdogo wangu Majura,

Sianzi na habari za huku, maana najua mkeo, wifi yangu, ameshakupa zote, pamoja na zile ambazo bado hazijatokea. Naanza na kazi. Mhariri wangu ameniomba niandike makala kwa ajili ya waandishi chipukizi wanaotaka kwenda kwenye michezo mikubwa ya kimataifa. Siku hizi wamejaa. Tangu magazeti ya watu binafsi yaruhusiwe, kila anayejua kushika kalamu hapa Musoma anajiita mwandishi, na kila mwandishi anajiona tayari yuko jukwaani, kitambulisho kinaning'inia kifuani. "Waeleze hatua kwa hatua," mhariri aliniambia. "Wewe ulikwenda Nairobi wakati hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Waeleze ulikipataje."

Nikakaa mezani hapa nyumbani Makoko nikaandika: mwombaji awe na barua ya mhariri wake. Nikaandika: mwombaji awe na picha ndogo, za hivi karibuni, zinazoonyesha uso wote. Nikaandika: fomu igongwe muhuri wa Afisa Habari. Baada ya hapo nikakwama, kwa sababu hatua iliyofuata ni wewe. Nilijaribu kukuzunguka kwa lugha ya ofisini. Nikaandika "maombi yawasilishwe kwa njia inayofaa," nikaisoma, nikaona aibu mwenyewe. Hiyo njia inayofaa alikuwa mdogo wangu, amesimama kwenye korido ya wakubwa, anaomba kwa niaba yangu. Makala nimeiweka pembeni, nakuandikia wewe.

Nimekuwa nikikutuma tangu ukiwa mdogo sana. Mama akinituma chumvi pale dukani kijijini kwetu Kiriba, mimi nilikuwa nakutuma wewe, nabaki nimekaa nyuma ya ghala la mihogo nikisoma gazeti lililofungiwa sukari. Ulikuwa unarudi kabla mama hajamaliza kuchochea moto. Watu wa riadha walipokuja kukuuliza nani alikufundisha kukimbia, ulinitazama ukacheka, na mimi nikacheka, maana jibu lilikuwa uvivu wangu. Leo nikilikumbuka hilo silicheki tena.

Wakati ule ulikuwa umeajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda. Ulikuwa unakimbia alfajiri kabla ya zamu, na unarudi kazini una vumbi hadi kwenye nyusi. Ulipochaguliwa timu ya taifa kwa mita elfu kumi, Kiriba nzima ilipata ugonjwa wa kujua umbali. Wazee walibishana kama mita elfu kumi ni mpaka kwa katekista au ni mpaka barabarani kabisa. Mama alikuwa anasema tu, "Mimi nilijua. Huyu hata kwenye tumbo alikuwaga hatulii."

Na mimi nilikuwa mwandishi wa mkoani, yule ambaye habari yake ikitumwa Dar es Salaam inatoka ukurasa wa ndani, imekatwa miguu na kichwa. Habari zangu zilikuwa bei ya pamba, kipindupindu, na nani amefungua semina. Ndipo ikaja simu ya maandishi kutoka kwa mhariri wa wakati ule. Gazeti halina uwezo wa kupeleka mtu wa mikoani kwenye michezo ya Afrika, ilisema, lakini kwa kuwa Musoma ni jirani na Nairobi kuliko Dar es Salaam, nikipata kitambulisho na nikijitegemea nauli, naweza kwenda. Niliisoma nikiwa nimesimama pale posta. Nilitamani kwenda kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote, na nilitaka jambo hilo litimie upesi kabla mtu hajabadili mawazo.

Fomu ilikuja baada ya muda mrefu, nakala ya nakala, maandishi yamefifia, Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Tuliijaza pamoja chumbani kwako Bunda, wewe umeshika taa. Unakumbuka walipouliza kundi la damu? Uliniambia, "Dada, kwani unaenda kuandika au unaenda kupigana?" Nikakujibu kwamba ukishindwa nitakuongezea yangu. Tulikuwa tunacheka kwa vitu vya namna hiyo.

Picha ndiyo ilitutoa jasho. Musoma haikuwa na filamu. Wapiga picha walikuwa wamegeukia kuuza dagaa, kamera zimetundikwa ukutani kama za maonyesho. Wewe ndiye uliyemjua yule fundi picha wa Bunda, nyuma ya kiwanda, ambaye alikuwa na filamu kidogo ndani ya kamera akiitunza kwa ajili ya harusi ya watu. Ulimbembeleza mpaka akakubali kunipiga mara moja tu. Blauzi yangu nilikuwa nimeifua kwa majani ya mpapai. Kwa kuwa walitaka nyuma pawe peupe, mlishika shuka lako, wewe upande huu na mtoto wa jirani upande ule.

"Usipepese," fundi akasema.

Nikapepesa.

"Nirudie basi."

"Mama, siwezi kumkosesha bibi harusi picha kwa sababu ya macho yako. Hata hivyo hapo bado ni wewe."

Ndiyo maana kwenye kitambulisho kile naonekana nimesinzia, na pembeni kuna ncha ya kidole chako. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye mafurushi ya pamba. Ulisema wazungu wataniweka jukwaa la waliochoka.

Kisha muhuri. Afisa Habari hakuwepo ofisini Musoma, alikuwa Butiama, maana kulikuwa na wageni, na Butiama siku zile ilikuwa na wageni kila wakati. Nikapanda lori la pamba nikamfuata. Nilimkuta barabarani, amesimama karibu na Landrova anasubiri msafara, koti limemkaba shingo. Aliweka fomu yangu kwenye boneti, akaisoma mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta kosa.

"Mwanamke unaenda kuandika mpira?"

"Riadha, mzee."

"Zile za kukimbia?"

"Ndiyo. Mdogo wangu ni mmoja wa wakimbiaji."

Akainua macho. "Sasa si utapendelea?"

"Sitapendelea, mzee. Kazi ni kazi."

Alifurahi sana na jibu lile. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga. Nilirudi Musoma nimevimba kichwa kwa jinsi nilivyojibu. Nilikusimulia, na wewe ukasema, "Hapo umejibu kama mwandishi wa kweli." Majura, neno lile ulilisema kwa moyo mweupe kabisa, na mimi nililishika kwa nguvu zote, mpaka likakuumiza.

Muda ulikuwa umekwisha. Posta waliniambia barua kwenda Dar es Salaam itafika siku itakapofika. Na wewe ulikuwa unaondoka kwenda kambini. Sikukuuliza hata kama una mzigo mwingine. Nilikupa bahasha kama nilivyokuwa nakupa hela ya chumvi, na wewe ukaiweka ndani ya fulana ili isilowe. Nikakuambia ofisi inayoshughulikia vitambulisho vya waandishi, jina la mtu wa kumwona, na nikakusindikiza mpaka bandarini kwenye meli ya Mwanza, nikikuhimiza kuhusu bahasha badala ya kukuombea safari njema.

Nafasi za waandishi wa nchi yetu zilikuwa zimejaa. Hilo hukuniambia kwenye simu. Uliniita pale posta Musoma, laini inakoroma, ukasema, "Umepata. Usiniulize nimefanyaje." Nami sikuuliza. Nilipiga vigelegele mbele ya watu wote waliokuwa wanangoja simu zao, wakadhani nimepata mjukuu.

Ukweli nilikuja kuujua nilipofika Nairobi. Wanaosoma makala zangu wanadhani ukishaandikwa jina umemaliza, lakini kitambulisho unakichukua mwenyewe, kwa mkono wako, na hati yako ya kusafiria, kwenye kituo walichokiweka. Nilipanga mstari na watu wa mataifa yote. Dada mmoja wa Kikuyu alinitazama, akaitazama picha, akaniuliza kama kile kidole ni changu. Nikasema ni cha mdogo wangu. Akakipitisha kitambulisho kwenye mashine ya plastiki, kikatoka cha moto, akanivalisha mwenyewe. Kilikuwa na herufi na rangi zilizoeleza wapi naruhusiwa: jukwaa la waandishi, chumba cha simu na teleksi, na ile njia ya uzio wanakopita wanariadha wakitoka uwanjani. Kijiji cha wanariadha sikuruhusiwa. Kwa hiyo tulikutana kwenye lango lake, wewe ndani mimi nje, tunaongea kupitia waya.

Pale ndipo uliponiambia. Baada ya kufukuzwa kwenye ofisi ya vitambulisho ulikwenda kwa kiongozi wa msafara, ukamsubiri kwenye korido tangu asubuhi. Ulimwambia dada yako amejaza kila kitu, amefuata mihuri mpaka Butiama, amechelewa siku chache tu. Alikukatalia, ukarudi kesho yake. Mwishowe akapiga simu mahali, jina langu likaongezwa. Kisha akakuambia maneno ambayo uliniigizia kwa sauti yake nzito, unacheka, mikono imeshika waya: "Nimekufanyia hili, Majura. Usije ukanisumbua tena kwa jambo lolote."

Nilicheka pia. Nilikuambia, "Mwache, mzee wa watu." Sikuona uzito wa maneno yale. Au niliuona, nikaupita, maana nilikuwa nakigusagusa kile kitambulisho kila wakati kuhakikisha bado kipo. Nakiri leo kwamba niliuona.

Viatu ulikuwa umeshapewa. Viatu vya misumari, vipya, vya timu nzima, na amri ikatoka kwamba wote mvae hivyo ili mfanane. Vyako vilikuwa vidogo. Vile vyako vya zamani, ulivyovipata kwenye mitumba Bunda na ambavyo vilikujua mguu, mliambiwa viachwe kambini Dar es Salaam. Haya yote sikuyajua pale langoni. Ulikuwa umevaa ndala, ulisimama sawasawa, uliniuliza kama nimekula.

Siku ya mbio nilikaa mbele kabisa. Mizunguko ya mwanzo ulikuwa katika kundi, na mimi nilikuwa nimesahau kuandika. Kisha nikaona unakanyaga kwa ubavu wa mguu. Wakaanza kukupita. Ukapitwa na wa mwisho wao. Ukasimama kando ya njia, ukainama, ukavua kiatu kimoja, ukavua na cha pili, ukaviweka kwenye nyasi vizuri, vimepangwa pamoja kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu, ukaendelea peku. Uwanja mzima ulikupigia makofi. Ulimaliza wa mwisho, wenzako wamekwisha kuvaa masweta yao.

Nikakimbilia kwenye uzio. Waandishi walikuwa wamejaa, maana kila mmoja alitaka kujua habari ya yule aliyevua viatu. Walikuita kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili cha Kenya. Uliwapita wote kichwa chini, ukaniona, ukaja. Uliweka paji la uso wako kwenye bega langu, juu ya ile kamba ya kitambulisho, ukalia kama ulivyokuwa unalia ukiwa mtoto, bila sauti.

Nilikuuliza, "Imekuwaje?"

Namna nilivyouliza ndiyo inayonisumbua. Nilikuwa nimeshafungua kalamu.

Ulinijibu kwa Kijita, lugha yetu ya nyumbani, na kwa sababu hiyo hakuna mwingine pale aliyeelewa. Ulisema, "Dada, viatu walivyotulazimisha ili tufanane vinanibana tangu tulipofika, na vyangu vya zamani walisema tuviache kambini. Kucha zimekufa. Nilitaka kusema, nikaona nikimsumbua yule mzee atakunyang'anya hicho ulichovaa. Nikasema nitavumilia, ni mara moja tu." Halafu ukasema, "Mama asijue."

Mwandishi mmoja kando yangu akanivuta mkono, "Anasemaje? Anasemaje?" Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba nakulinda. Ukweli ni kwamba nilikuwa na habari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na miguu ilikuwa inaniwasha kwenda kwenye simu. Kitambaa nilikuwa nacho mkobani. Sikufuta nacho hata machozi yako. Nilikuambia, "Nenda ukapumzike, tutaongea," nikakuona unaondoka peku kwenye sakafu ya saruji, unaacha alama za damu za vidole, nikaziandika na hizo.

Nilimsomea mhariri habari kwa simu. Viatu vilivyobana, amri ya kufanana, viatu vya zamani vilivyoachwa kambini, kucha zilizokufa, machozi. Alikuwa anaandika upande wa pili na kusema "ndiyo, endelea."

"Hii ni ukurasa wa kwanza," akasema. "Lakini msomaji atauliza kitu kimoja. Kwa nini hakulalamika mapema? Alikwambia?"

Majura, nilikuwa na jibu mdomoni. Ulikuwa umenipa dakika chache zilizopita. Lakini nikilisema, kila mtu atajua kitambulisho changu kilipatikanaje, yule mzee atakitaka kabla jua halijazama, na michezo ilikuwa bado na siku nzuri zilizobaki. Nilikishika pale kifuani nikasema, "Hakusema."

Neno moja. Mengine yote niliyoandika yalikuwa kweli, na watu wengi wamenisifu kwa yale mengine. Lakini kwa kulikata lile jibu nilibadilisha habari yote. Ukabaki mtu aliyepewa viatu vidogo, akavivaa, akanyamaza, halafu akashindwa, ndipo akapata mdomo wa kulaumu wakubwa mbele ya wageni.

Habari ilitoka na jina langu juu. Jina langu na lako ukurasa mmoja, na ubini mmoja, hata hapo hakuna aliyejiuliza. Kule Kiriba katekista alimsomea mama gazeti. Nilipofika nyumbani nikidhani nitapokelewa kwa shangwe, mama aliniuliza swali moja tu, bila hasira, anapembua mtama.

"Na alivivaa kwa nini?"

Nikamkwepa. Nikasema, "Si ndiyo hivyo, mama, waliwalazimisha." Akatikisa kichwa. Hakuridhika, na hakuwa peke yake. Vijana pale mwaloni, ziwani wanakoshushia samaki, walikuwa wakikuona wanaulizana mtu mzima anavaaje kiatu cha mtoto. Ilikuwa ni utani wao msimu mzima. Mimi nilikuwa na jibu ambalo lingewanyamazisha wote, nikaondoka nalo kwenda Dar es Salaam, ambako nilikaa kabla ya kurudishwa huku Musoma, kwa sababu habari ile ndiyo iliyonipatia ajira ya kudumu.

Wewe ulikuwa umeitwa na viongozi. Hili nilisimuliwa na kocha wako, si wewe, maana wewe hujawahi kunisimulia. Walikuwekea gazeti mezani. Walikuambia useme kwamba hukuyatamka yale, kwamba mwandishi ametunga, mambo yaishe, urudi kambini. Ingekuwa sentensi moja tu kwako pia. Ukawaambia, "Dada yangu hajasema uongo." Wakakuuliza basi kwa nini hukulalamika kwa utaratibu. Ukanyamaza. Hata hapo, kitambulisho nimeshakirudisha, michezo imekwisha, hakuna cha kunyang'anywa, bado ukanyamaza. Wakaandika utovu wa nidhamu. Hukuitwa tena kwenye timu.

Ulirudi Bunda, kiwanda nacho kikaanza kusuasua, wakapunguza watu, ukaenda Mwanza kwenye viwanda vya sangara. Sasa unapasua samaki wanaokwenda Ulaya, wewe uliyepaswa kwenda Ulaya kwa miguu yako. Wifi ananiambia huwa hupiti karibu na uwanja wowote. Ananiambia pia kwamba hujawahi kunisema vibaya nyumbani kwako, na hilo linaniuma kuliko ungenitukana.

Kitu kimoja nimekigundua taratibu, sikutaka kukiamini. Tangu siku ile kwenye uzio hujawahi kuongea nami Kijita. Mwanzo nilidhani ni mazoea ya mjini. Lakini tulipokutana msibani kwa baba mdogo, nilikusikia nje unaongea na wenzako, unataniana nao, Kijita kimekolea kama cha mama. Nikaingia. Ukageuka ukasema, "Karibu dada. Habari za safari?" Kiswahili safi, cha redioni. Nikajibu kwa Kijita, na wewe ukaendelea na Kiswahili chako, kwa heshima zote, ukanisogezea kiti.

Nilipokuja Mwanza ilikuwa hivyo hivyo. Nilikuja kuomba radhi, nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Ulinikaribisha chai. Ulisema, "Jisikie uko nyumbani," maneno ambayo mtu anamwambia mgeni. Watoto wako walinisalimu kwa adabu. Niliongelea bei ya samaki, nikaongelea mvua, nikaaga. Kwenye ngazi ulinishika mkono giza lisije likanikwaza, na kuniuliza kama gazeti linanilipa vizuri. Nililia baada ya kukupa kisogo. Mimi ni mkubwa wako, na sijui tulijifunza wapi kwamba mkubwa haombi msamaha kwa mdogo akaeleweka, lakini nilikuwa nimelijifunza vizuri.

Sasa naomba. Nimekukosea, Majura. Sikukukosea kwa sababu niliandika. Viatu vile ilibidi viandikwe, na baada ya hapo nasikia wakimbiaji wetu huulizwa namba za viatu vyao kabla ya kusafiri. Nimekukosea kwa sababu uliongea na dada yako na ukajibiwa na mwandishi, na huyo mwandishi akachukua kila kitu isipokuwa lile neno moja lililokuwa linakupa heshima. Najiona mwenye hatia kila nikiandika jina langu juu ya habari. Nikiona kijana anaingia ofisini kuniuliza namna ya kupata kitambulisho, nafurahi kumsaidia, na wakati huohuo najiuliza ni nani aliyesimama kwenye korido kwa ajili yake.

Basi hii hapa sentensi iliyokatwa, na kila anayeikumbuka ile habari aiunganishe: mkimbiaji wa mita elfu kumi kutoka Kiriba alijua tangu mwanzo kwamba viatu havimtoshi, alinyamaza kwa sababu alikuwa amemwombea dada yake kitambulisho cha uandishi kwa mtu yuleyule ambaye angepaswa kumlalamikia, na hakutaka dada yake akipoteze. Mwandishi wa habari ile alilijua hilo, akaulizwa na mhariri wake, akasema hakuambiwa. Mwandishi huyo ni mimi. Mama nimemwambia juzi, ana kwa ana, kule Kiriba. Akasema, "Nilijua mwanangu si mjinga." Alikuwa anakusema wewe, na alisema akiwa ananitazama mimi.

Nimeiandika barua hii ili watu waisome. Mhariri ananiuliza kila siku imefika wapi, na nafasi yake gazetini ipo. Lakini sijampa. Nampa wifi anayerudi huko Mwanza akuletee wewe kwanza, kwa mkono, kabla mtu yeyote hajaiona. Isome polepole. Neno usilolitaka, likate mwenyewe. Nikiwa nimekosea kitu, kirekebishe. Ukisema machozi yako yasitajwe, yataondoka. Ukisema barua nzima ibaki ndani kwako, itabaki, mhariri nitampa hatua zake za fomu na picha, na nitakushukuru hivyohivyo.

Na kama kuna mtu mwingine aliyefika mpaka mstari huu, basi ajue kwamba safari hii nilikuuliza, na wewe ndiye uliyeruhusu.

Ni mimi, dada yako.